Ufa Chini ya Siti

Ufa wenyewe ulikuwa mfupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Ulianzia kwenye ule mkato ambao fremu nyingi huwa nao kwa nyuma, pale bomba la siti linapoingia, chini kidogo ya kibano, ukashuka kwa mshazari kuelekea kwenye mshono wa bomba la juu. Mwanzoni nilidhani ni mkwaruzo. Nikalowanisha kidole kwa mate nikapangusa, kama tunavyofanya sote tukitaka kujidanganya. Uchafu ukatoka, mstari ukabaki.

Kumbe baiskeli ilikuwa imeniambia mapema. Kwa wiki tatu hivi ilikuwa ikilia kila nikikaa: kwii, kwii. Nikatia mafuta kwenye cheni. Nikatia kwenye pedeli. Nikakaza nati ya kibano, kelele ikapungua siku mbili, ikarudi, nikakaza zaidi. Sasa najua kwamba kule kukaza kulikuwa sawa na kumziba mgonjwa mdomo ili asisumbue nyumba.

Ni mtumba kutoka Japani, fremu ya alumini, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja hadi barazani. Niliinunua Dar es Salaam miaka sita iliyopita nikaileta Kibaha, na tangu hapo imekuwa ndiyo miguu yangu kati ya Picha ya Ndege na Maili Moja. Mimi ni mrefu, na fremu ile ni ya mtu wa kimo cha kawaida. Basi nikawa nainua siti. Kwenye bomba kuna mstari uliochongwa kuonyesha mwisho wa kuinua. Niliuona siku ya kwanza kabisa. Nikaupita kwa vidole viwili, nikakaa hivyo miaka yote sita.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani naandika kama mtu aliyedhulumiwa. Ufa ule niliufanya mimi. Bomba likizama vizuri ndani ya fremu, uzito wa mpandaji unagawanyika kwenye urefu wote uliozama. Likizama kidogo tu linageuka wenzo: kila shimo la barabarani linausukuma mdomo wa fremu nyuma, kisha mbele, nyuma, mbele. Na ule mkato wa kibano ndio mahali dhaifu kuliko pote, maana hapo bomba lilikatwa makusudi ili liweze kubana.

Kwa kawaida ningeshughulika nao kimyakimya. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshakubaliana bei na mtu.

Ni kijana wa mtaani kwetu anayesambaza mikate. Alfajiri anaichukua kwa mwokaji, anaipitisha kwenye maduka, akimaliza anatafuta kibarua kingine. Baiskeli anayotumia si yake. Anaikodi kwa siku, na siku mikate isipotoka kodi iko palepale. Tangu mwaka juzi amekuwa akiniambia, "Kaka, ukiichoka hiyo usimpe mtu, mimi nipo." Nilipoanza kuwaza kununua nyingine inayonitosha, nikamtajia 120,000. Akaomba mwezi mmoja akusanye. Nilipouona ufa alikuwa amebakiza wiki moja.

Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea Maili Moja. Kijana msafi wa kazi, anatengeneza mageti na madirisha, na ana mashine inayochomelea alumini, kitu ambacho si kila karakana inacho. Akainama, akautazama ufa, akacheka kidogo.

"Hii kitu ndogo, bro. Nachomelea, napiga tupa, napuliza rangi. Hata wewe mwenyewe utautafuta."

"Na itabeba mzigo?"

"Itabeba. Kwani unauza?"

"Nauza."

"Sasa wasiwasi wa nini?"

Sitaki kumfanya fundi huyu kuwa mtu mbaya wa hadithi. Katika kazi yake ya mageti, mshono mzuri ni ule usioonekana. Mteja akipitisha kiganja asikwaruzwe, hapo ndipo sifa ilipo. Hakuniambia nidanganye. Aliniambia tu kwamba kuna huduma, na bei yake 15,000. Anayejua gari la mnada linavyopigwa polishi kabla ya mnada ataelewa kwamba nusu ya biashara zetu inaishi kwenye lile koti la mwisho la rangi. Nikamwambia nitarudi. Ningependa kusema niliondoka kwa sababu ya uadilifu, lakini kwa kweli niliondoka kwa sababu ya Barabara ya Morogoro. Nilisimama pale pembeni nikisubiri kuvuka, mabasi ya mikoani yakipita, malori yakipita, na nikamwona yule kijana na kreti lake la mikate, siti ikiachia chini yake ghafla, yeye akianguka chali upande wa lami.

Kuna methali tunayoijua sote tangu shule ya msingi: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijawahi kuitilia shaka hadi siku ile. Lakini tazama neno lenyewe, kuziba. Unaziba ufa kwa saruji, na unaziba ufa kwa chokaa ya kupaka juu, na methali haikuulizi umeziba kwa nini. Mwenye nyumba anayeishi ndani ya ukuta wake atajua mwenyewe. Anayeuza nyumba anaweza kuziba vizuri sana.

Nikasoma kidogo, kama kawaida yangu nikiwa na woga. Alumini ya fremu za namna hii hupewa ugumu wake kiwandani, kwa kupashwa joto na kupoozwa kwa utaratibu maalumu. Ukiichomelea, sehemu iliyo kando ya mshono inalainika, na ili irudishe nguvu zake inabidi fremu nzima iingie tena kwenye tanuri. Maili Moja hakuna tanuri hilo. Ndiyo maana mshono wenyewe unaweza kutokea mnene na wa kupendeza, halafu mwezi wa tatu fremu ikakatika sentimita moja pembeni.

Mafundi wetu husema chuma "kimechoka". Nilikuwa nikidhani ni maneno ya mtaani, kumbe ndilo neno ambalo wahandisi wenyewe wanalitumia, na waliligharamia. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilivunjika ekseli ya injini karibu na Meudon, mabehewa yakapandana, moto ukashika, makumi ya watu wakafa. Ekseli haikuwa imebebeshwa siku ile mzigo wowote wa ajabu. Miaka ya 1850 na 1860 Mjerumani August Wöhler akazijaribu ekseli za reli kwa kuzizungusha na kuzipinda tena na tena, akaonyesha kwamba kinachoua si mzigo mkubwa wa siku moja bali mzigo wa kawaida uliorudiwa. Chuma, kwa bahati nzuri, kina kiwango fulani ambacho mzigo ukibaki chini yake kinaweza kuvumilia takriban bila hesabu. Alumini haina kiwango kama hicho kilicho wazi. Kwake kila shimo linaandikwa.

Najua hapa wasomaji wa ukurasa huu wameshaanza kunusa sitiari. Wengine mtaniandikia kuhusu kintsugi, ile sanaa ya Wajapani ya kuunga vyombo vilivyovunjika kwa utomvu na unga wa dhahabu, ili mpasuko uwe sehemu ya uzuri. Na baiskeli yenyewe imetoka Japani! Naomba tusiende huko. Bakuli likivunjika mara ya pili unamwaga chai. Tumezoea mno kupenda nyufa kwenye vitabu, majeraha yanayong'aa, watu waliovunjika wakawa wazuri zaidi. Na mimi nimeandika sentensi za namna hiyo, hapahapa. Lakini hii ni fremu inayokaliwa na mtu wa kilo sabini, na mikate juu.

Basi Jumamosi nikaipakia kwenye kirikuu kilichokuwa kinakwenda kuchukua mihogo, tukakata kwa njia ya Kiluvya hadi Kisarawe kwa mjomba wangu. Kwenye ramani Kibaha na Kisarawe ni majirani, zote Mkoa wa Pwani, ila hali yake ni tofauti kabisa: Kibaha imejipanga kandokando ya barabara kuu na inaishi kwa wapitaji, Kisarawe iko juu ya vilima vyake, mikorosho na miembe, na mtu akikuona mgeni anauliza umekuja kwa nani.

Mjomba ana Phoenix nyeusi, ya Shanghai, chuma kitupu, ya kabla mimi sijaanza shule. Kwa miaka mingi aliteremsha nayo mkaa kutoka Kisarawe kupitia Pugu hadi Gongo la Mboto, magunia mawili, wakati mwingine matatu, yeye akitembea pembeni ameshika usukani na fimbo, maana kwa mzigo ule hakuna kupanda. (Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ililipa sehemu kubwa ya ada zetu za shule. Hilo nalo ni deni lenye ufa wake, nitaliandikia siku nyingine.) Malori ya Barabara ya Morogoro hupimwa uzito pale Vigwaza. Baiskeli ya mkaa haijawahi kupimwa na mtu. Ikizidiwa inasema yenyewe.

Phoenix ya mjomba ilisema mahali palepale iliposema yangu. Tofauti ni kwamba ufa wake unaonekana hadi leo. Chini ya siti, kuzunguka bomba, kuna pete ya shaba ya rangi ya njano iliyokolea, pana kama kidole, bila rangi juu yake. Nikiwa mtoto nilidhani ni urembo. Aliyeifunga pete ile ni mzee mmoja fundi ambaye bado anafanya kazi chini ya mwembe wake, na mjomba ndiye aliyenipeleka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na mgonjwa huyu?"

"Kibaha, mzee."

"Kibaha hakuna mafundi?"

Kwenye kopo lake la nati ana sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio. Akaiweka kwenye fremu, ikateleza ikaanguka. Akaniangalia. Akairudisha, ikaanguka tena, nadhani hii ya pili ilikuwa kwa faida yangu.

"Mimi na hii hatujuani," akasema. "Ingekuwa chuma ningekuambia kaa hapo kwenye benchi."

Nikamwomba anieleze angefanyaje ingekuwa chuma, na akaeleza kwa raha, mikono ikifanya kazi hewani. Kwanza unapiga tupa na msasa hadi chuma kiwe cheupe, pasibaki rangi wala kutu. Halafu unautafuta mwisho wa ufa, si pale jicho linapoishia bali mbele yake kidogo, unatoboa tundu dogo kwa drili. Ufa una ncha kali kama sindano, na ncha ndiyo inayotembea. Ikikutana na tundu inakosa pa kuchomea. Ndipo unatia dawa, unapasha kwa gesi hadi kiwe chekundu, unaleta ujiti wa shaba. Shaba ya namna hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 900 hivi, chuma kinataka kama 1,500, kwa hiyo chuma chenyewe hakiyeyuki: shaba inaingia kwenye ufa kama maji kwenye mchanga, ikipoa imeshika pande zote mbili.

"Mbona ya mjomba hukuipaka rangi?"

"Nikipaka, atakayeipanda kesho atajuaje pa kutazama?"

Aliisema kama mtu anayejibu kwa nini mlango una bawaba. Mimi nilikuwa nimekuja na swali la ukweli na uongo, yaani je, kupaka rangi ni kudanganya. Yeye hakuwa akizungumzia jana ya ile baiskeli hata kidogo. Alikuwa akizungumzia kesho yake. Kwake koti la rangi halikuficha tu habari iliyopita. Lilimnyang'anya mpandaji jicho la kuona ufa wa pili ukianza. Mjomba akadakia kwamba kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuiosha, huwa anapitisha kidole kwenye ile pete. Miaka zaidi ya 30.

Nikakumbuka kisa ambacho watu wengi wa Pwani wamekisikia madrasa. Mtume alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione. Kisa hiki husimuliwa kama onyo kwa wafanyabiashara, na ni onyo kweli. Ila mimi kinachonivuta ni kwamba hakuambiwa aitupe nafaka iliyolowa. Aliambiwa aiweke juu. Pete ya shaba ni nafaka iliyolowa iliyowekwa juu.

Na nikiwa bado kwenye mambo ya maneno: sisi tumechukua neno aibu kutoka Kiarabu, ambako pamoja na fedheha lina maana pia ya kasoro ya kitu, ufa, doa, ila. Wanasheria wa Kiislamu huzungumza juu ya aibu ya bidhaa na haki ya mnunuzi kuirudisha. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku ile maana ya bidhaa imefifia, ikabaki ya uso. Sijui kama ni haki kuilaumu lugha, lakini kwa mtu anayeuza baiskeli ni jambo la kufikirisha: kasoro ilitoka kwenye kitu ikahamia kwa mtu, na aliye na aibu anafanya nini? Anajifunika.

Warumi walibishana juu ya hili pia. Katika kitabu chake cha wajibu, De Officiis, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero anawaleta wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, na kuwawekea mbele mtu anayeuza nyumba yenye siri: mbao zimeoza, na nyoka wanaonekana vyumbani. Je, lazima aseme? Diogenes anaona kwamba muuzaji asipodanganya kwa maneno na akafuata sheria, inatosha. Hakumlazimisha mtu kununua, na kutosema si kuficha. Antipater anaona kwamba kunyamaza namna hiyo ni kumwacha mwenzako aingie shimoni akiwa amefumba macho. Cicero anakaa na Antipater. Sisi tuna maneno mafupi zaidi, kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na kila aliyewahi kununua simu Kariakoo ana msimamo wake tayari.

Nilirudi Kibaha nikiwa Antipater mtupu. Mzee alikuwa amenishauri kitu kimoja: nitafute bomba la siti refu zaidi, lizame hadi lipite kabisa maungio ya bomba la juu, nitoboe tundu mwisho wa ufa, niitumie mwenyewe taratibu, sokoni na kurudi, na nitazame kila wiki. "Kwa asiyebeba mzigo itakusogeza," alisema. "Kwa mzigo, hapana. Keria ya nyuma unaifunga wapi? Si hapohapo?" Kweli, keria ya baiskeli yangu ilikuwa imefungwa kwenye kibano kilekile. Kreti la mikate lingeuvuta ule ufa kila asubuhi.

Yule kijana akaja Jumatatu na pesa zake zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikamkalisha, nikaigeuza baiskeli, nikamwonyesha. Nilimwonyesha kwa utulivu na, naona haya kulisema, kwa furaha kidogo, kama mtu anayefungua zawadi. Niliona namna nilivyokuwa mwema.

Akautazama ufa. Akaupangusa kwa kidole, kama mimi. Halafu akasema, "Sawa kaka. Basi nipunguzie."

"Haupunguzwi bei huu. Hii itakatika."

"Zote zinakatika. Hii ninayokodi haina breki ya nyuma tangu Ramadhani. Nipe kwa 80, hiyo 40 nitampa fundi achomelee."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Diogenes na Antipater pia hawakuwa wamejiandaa, maana ubishi wao wote unamhusu mnunuzi anayeweza kusema asante, ngoja nikaangalie nyumba nyingine. Wanabishana aambiwe au asiambiwe, na akishaambiwa wanakunja majamvi. Huyu wangu ameambiwa na bado anaitaka nyumba ya nyoka, kwa sababu anakolala sasa kuna nyoka vilevile, na huko analipa kodi kila siku.

Nikamwambia nifikirie. Usiku nikampigia mjomba, nikitegemea anisifu.

"Umemwambia, sawa," akasema. "Umeutoa ufa kichwani kwako umeuweka chini ya makalio yake. Sasa unalala vizuri, siyo?"

"Lakini mjomba, mtu mzima ameona, amekubali."

"Amekubali nini? Amekubali bei."

Nimeizungusha kauli hiyo kichwani wiki nzima na sijaimaliza. Kwa upande mmoja ni kweli tupu. Ridhaa ya mtu mwenye njia moja si ridhaa ninayotaka kuitegemea siku ya mazishi. Kwa upande mwingine kuna kitu kinanikera katika ukweli huo, nacho ni kwamba unanifanya mimi, mwenye njia tatu, niwe msimamizi wa hatari za asiyenazo. Kijana yule anapima hatari kila alfajiri kwa umakini ambao mimi sijawahi kuwa nao; ndiye anayejua ni dereva gani wa daladala husogea na nani hasogei. Nani kanipa mamlaka ya kumwambia hii hapana? Tunawakataza maskini vitu kwa usalama wao, kisha tunaingia ndani tunafunga mlango, na wao wanarudi kwenye baiskeli isiyo na breki. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tunasema. Kibaya changu kilikuwa na magurudumu mawili na mnunuzi wa kukiendesha.

Niliwaza pia kumpa bure. Lakini ufa wa bure ni uleule, ila sasa anadaiwa na shukrani.

Kuna meli moja inayonijia akilini kila nikifikiria haya, ile Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, na mwaka 1916, walipoona wanakaribia kuipoteza vitani, wakaizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari. Wale mafundi walikuwa wakiharibu chombo chao na kumwachia fundi ajaye kazi nyepesi, ingawa walijua fundi huyo huenda akawa adui. Nilitamani kufanya kitu chenye akili ya namna ile. Nilichofanya kilikuwa kinyume chake.

Jumatano asubuhi nilichukua msumeno wa chuma nikaikata fremu. Bomba la juu kwanza, halafu la chini. Alumini ni laini. Dakika kumi na tano zilitosha, na unga wake mweupe ukabaki barazani kama wa mhogo. Nilijiambia kwamba sitaki kitu hicho kiwe duniani kikimsubiri mtu na kopo la rangi. Nilijiambia pia kwamba ni fremu yangu. Yote mawili ni kweli, na bado nilifanya haraka, kabla kijana hajapita na mikate.

Alipopita akasimama. Akatazama vipande viwili, akanitazama mimi.

"Kaka, si ungeniuliza?"

Nikamwambia achukue magurudumu, cheni, usukani, siti na lile bomba, vyote vizima, kwa 40,000, alipe anapoweza. Alivichukua. Hakunishukuru na sikutegemea anishukuru. Siku kumi zilizofuata alipita kwangu bila kusimama, anapiga kengele ya ile ya kukodi na kusema "kaka" akiwa ameshapita.

Jana jioni amekuja. Amesimama nje ya uzio, hakutaka kuingia.

"Kaka, vile vipande vya fremu bado unavyo?"

"Vya nini?"

"Kuna fundi kaniambia vinaungika. Anaingiza bomba jembamba ndani, anachomelea pande zote. Na ule ufa anauziba palepale. Magurudumu si ninayo tayari? Nakosa fremu tu."

"Fundi gani?"

"Yule wa mageti, Maili Moja."

Vipande viko nyuma ya banda la kuku, nimevifunika kwa kiroba. Nimemwambia apite Jumapili. Leo ni Ijumaa.